Masika ya Kusindikizana

Jumapili, 22 Machi

Idi imepita, nguo za watu zimevaliwa, cherehani imepoa, na leo nimetembea kwa miguu yangu mwenyewe kutoka Nyamirambo hadi Kabeza! Kabeza, kule karibu na uwanja wa ndege! Nyayo zinawaka moto, kisigino kimoja kimechunika, na nimekaa kitandani nacheka peke yangu kama mwehu. Naandika huku nyuma ya daftari la vipimo vya wateja kwa sababu nikimsimulia Usumani, fundi mwenzangu dukani, ataniharibia raha.

Nieleze vizuri, nisije nikasoma haya mwakani nikajishangaa. Yote nayafanya kwa ajili ya jirani yangu Générose. Mwanawe anaitwa Armel, kwa hiyo watu humwita Mama Armel, na mimi ni Mama Nasiri, lakini sisi wenyewe tunaitana jirani. Tumekaa ukuta kwa ukuta hapa Nyamirambo miaka mingi. Yeye Mkatoliki aliyekulia Bujumbura, mimi Mwislamu wa Biryogo ambaye babu yake alikuja na bidhaa kutoka pwani akasahau kurudi. Yeye alikuwa anauza vitenge, mimi navishona. Ramadhani alikuwa anafunga na mimi mpaka saa sita mchana, halafu anasema Mungu wake ameridhika.

Mwaka jana Armel amejenga kule Kinyinya, nyumba ya vigae na geti la chuma, akamchukua mama yake. Ni mtoto mwema, simlaumu. Lakini Ijumaa jirani amenipigia simu, sauti imesinyaa.

"Jirani, huku iko ukuta tu. Watu wanatoka na gari, wanaingia na gari. Naweza kumaliza wiki sijamwambia mtu mwaramutse, hata habari ya asubuhi tu. Mvua ikikwisha naenda Kamembe kwa dada yangu Liliane."

"Kutembea?"

"Kukaa."

Kamembe! Mwisho wa nchi, ukivuka hatua moja uko Kongo! Kwa umri wetu huu mtu akihamia Kamembe mnaonana tena kwenye mazishi. Nimekataa. Sikumwambia nimekataa, nimekataa moyoni tu, na nikikataa moyoni ndiyo mbaya zaidi.

Sasa, kuna huyu Mucyo. Mtu wa miaka arobaini hivi, amekulia Kampala, ana kikundi cha watembeaji wanaotafuta njia ya miguu ya kuuzunguka mji mzima, kilima hadi kilima, katikati ya nyumba za watu. Wanatoka Nyamirambo, wanapita Rebero, Kicukiro, Kabeza, wanapanda kaskazini, wanarudi kwa Gisozi na Kimisagara. Kila Jumapili wanatafuta kipande kimoja. Nikamuuliza: itapita Kinyinya? Akasema itapita. Nikajiandikisha palepale, na futi ya kupimia shingoni.

Njia ikipita getini kwa jirani, watu watapita getini kwa jirani. Atapata wa kusalimia, na mimi nitakwenda kwake kwa upande huu na kurudi kwa upande ule. Hatakwenda Kamembe. Huo ndio mpango wangu wote. Nimempigia simu nikamwambia, "Usifunge begi. Nakuletea njia."

Jumatatu, 23 Machi

Nimeshindwa kukanyaga pedali ya cherehani. Usumani amecheka mpaka ameunguza suruali ya mteja kwa pasi. Imempata.

Jumapili, 29 Machi

Tumefika Kinyinya! Tumefika!

Kutoka Kabeza tumeshuka na kupanda mpaka magoti yamelalamika. Mimi nilidhani kutembea hivi ni msituni, na nyani. Kumbe ni kupita kwenye maisha ya watu! Vichochoro vya Kimironko vina upana wa mtu mmoja na beseni lake. Tumepita chini ya mashuka yaliyoanikwa, tumepita nyuma ya kanisa waimbaji wakiwa katikati ya wimbo, mama mmoja anakaanga sambusa akatuuliza tunamkimbia nani. Kibagabaga mvua imetukamata. Nilikuwa na gambuti, wengine walikuwa na viatu vya bei kali vyenye rangi za kasuku, na nani aliteleza? Si mimi.

Mucyo ananichosha. Ana saa mkononi kubwa kama kisahani cha chai, na firimbi. Ukisimama kumsalimia mtu, firimbi. Ukifunga kiatu, firimbi. "Mama Nasiri, muda! Muda, mama!" Anataka watu wauzunguke mji mzima kwa siku moja, alfajiri hadi magharibi. Nimemwambia mimi si barua ya haraka.

Jirani alifungua geti akiwa na kandambili. "Yezu Maria! Umekuja na nini?"

"Na miguu."

Akashika mdomo. Halafu akanikumbatia na matope yangu yote, akatuingiza watu kumi na kitu kwenye vigae vyake vyeupe. Armel alikuja na taulo, maskini, anatabasamu huku anafuta nyuma yetu. Chai, mandazi, kelele. Jirani alikuwa ameng'aa kama siku za dukani. Tulipoondoka alitusindikiza mpaka kituo cha basi na mwavuli, akasimama pale mpaka basi limekata kona. Mucyo aliangalia saa mara nne. Nilimhesabia.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka yao. Jirani amepiga simu: misa ilijaa watu, lakini walipotoka kila mmoja aliingia kwenye gari lake. Begi bado liko juu ya kabati, amesema. Kwa nini ananitajia begi?

Jumanne, 7 Aprili

Wiki ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari imeanza. Hatutembei. Nimempigia jirani, tumeongea kidogo, halafu tumenyamaza pamoja kwenye simu muda mrefu.

Jumapili, 19 Aprili

Kinyinya hadi Gisozi, na mvua ya kuleta wazimu! Maji yanashuka kilimani mekundu kama chai ya rangi, majengo mapya kila upande, mbao, mchanga, mafundi wamejikunyata chini ya mabati. Jirani alikuwa misani, kwa hiyo hatukumwona. Kutoka ukuta wa nyuma wa nyumba yake kuna njia nyembamba inayoshuka kwenda Kagugu, nayo inapita ndani ya ua wa nyumba moja ya zamani. Nyumba ndogo, migomba, ng'ombe mmoja, imebaki pale katikati ya maghorofa kama iliyosahauliwa.

Mwenye nyumba ni bibi mmoja anaitwa Mukandekezi. Alituona tumelowa, akatuita kwa mkono tuingie barazani kwake. Tumekunywa uji wa mtama wa moto, Mungu ambariki, mpaka meno yameacha kugongana. Kiswahili chake ni kidogo, Kinyarwanda chake ni cha zamani na kitamu, ananiita mwanangu na mimi nina wajukuu.

Mucyo akapiga firimbi. Tukainuka. Bibi naye akainuka, akatafuta fimbo, akajitupia kanga kichwani atoke nasi. Nikamhurumia! Mvua ile, miguu ile! Nikamshika bega, nikamrudisha kwenye kigoda, nikamwambia, "Kaa, Bibi, usijisumbue. Njia tunaijua." Tukatoka mbio. Nilijiona mtu mwema kweli.

Gisozi tumefika tumelowa mpaka pochi. Sasa kimebaki kipande kimoja tu!

Jumatano, 22 Aprili

Mvua. Gambuti hazijakauka. Usumani anataka kujua kama nalipwa.

Jumapili, 26 Aprili

Wallahi leo nimelia hadharani. Tumevuka bonde la Nyabugogo, tumepanda ngazi za Kimisagara ambazo nadhani zilijengwa na mtu mwenye chuki, tumetokea Nyakabanda, na ghafla naona mnara wa msikiti wetu kutoka upande wa nyuma! Nilitoka kwenye mlango wangu mwezi uliopita nikaelekea kushoto. Leo nimeingia mlangoni nikitokea kulia. Mji mzima uko katikati, nimeuzunguka kama pindo la gauni!

Usumani alikuwa amesimama nje ya duka. Akapiga makofi. Yeye! Akasema, "Haya, bingwa, kaa, kuna sare za shule kumi na mbili."

Mucyo ametangaza: uzinduzi ni Juni, mvua ikikata. Watu wengi watakuja. Nimempigia jirani nikipiga kelele. Akafurahi, akacheka, halafu akasema polepole, "Liliane ameshanipakia chumba rangi."

Nimemwambia hiyo rangi iachwe ikauke sana.

Jumapili, 3 Mei

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Tumekwenda Kinyinya kuchora mishale ya njano, Mucyo na mimi na wengine wawili. Tumefika nyuma ya ukuta wa jirani, tumeshuka, na njia imezibwa. Imezibwa! Matawi ya miiba, miti miwili imekingama, na nyuma yake Bibi Mukandekezi amesimama na fimbo yake.

"Hapa si njia," akasema kwa Kinyarwanda. "Hapa ni kwangu."

"Bibi, si tulipita hapa? Ulitupa uji!"

Akaniangalia juu hadi chini, akageuka akaingia ndani. Hakufunga mlango kwa nguvu. Ameufunga taratibu, na hilo limeniuma zaidi.

Mucyo akaangalia simu yake, akaangalia saa yake, akasema bila hata kupumua, "Basi. Tunaikata Kinyinya. Tutapita lami, Nyarutarama moja kwa moja hadi Gisozi. Tena tutaokoa muda."

Nilimwambia maneno. Nilimwambia yeye hana moyo ana betri. Nilimwambia hiyo saa yake siku moja itamzika. Nilimwambia njia ya lami hata mbwa anaijua, kwa nini tulitafuta masika nzima? Wale wengine wawili waliangalia mawingu. Mucyo akafunika kopo la rangi.

"Mama, mwenye ua amekataa. Ningefanya nini, nimlazimishe?"

Hapo alikuwa na haki, na kwa hiyo nimemchukia zaidi.

Nimepita kwa jirani kumweleza. Yeye hamjui huyo bibi. Wanaishi mgongo kwa mgongo na hamjui! "Naonaga moshi wa jiko lake tu juu ya ukuta," amesema. Halafu nimeliona begi. Limeshuka kutoka juu ya kabati. Liko sakafuni, zipu wazi.

Jumanne, 5 Mei

Nimeshona mkono wa kushoto upande wa kulia.

Alhamisi, 7 Mei

Mvua kubwa. Jirani anasema basi la Kamembe la asubuhi ndilo zuri. Nimemwambia sisikii, mtandao mbaya. Nilikuwa namsikia vizuri kabisa.

Jumamosi, 9 Mei

Ngoja nipumue kwanza. Ngoja niandike polepole, kwa mpangilio.

Asubuhi nimeondoka peke yangu kwenda Kinyinya kugombana. Ndiyo, kugombana, sitajipamba. Njia nzima nilikuwa napanga maneno yangu. Nimemkuta Bibi Mukandekezi anachambua maharage barazani. Hakushangaa. Akanisogezea kigoda. Mtu akikusogezea kigoda, ugomvi unaanzia wapi?

Nikakaa. Nikamuuliza, "Bibi, tulikukosea nini? Tulivunja kitu? Tulikanyaga mboga?"

Akaendelea na maharage yake. Halafu akasema, "Nyinyi mliingia kwangu. Mlikunywa kwangu. Nikainuka niwasindikize, nikasukumwa chini."

"Nani alikusukuma?" Nilisimama, nikamwona Mucyo akilini mwangu na firimbi yake. "Nani, Bibi? Nitajie!"

"Wewe."

Nikakaa tena.

"Ulinishika hapa," akagusa bega, "ukanirudisha kwenye kigoda. Mbele ya watu. Ukasema njia mnaijua. Kama mnaijua, ipiteni kwingine."

Jamani. Jamani! Mimi! Mimi niliyekulia nchi hii hii, ambaye mama yangu alikuwa hamwachi mgeni atoke mlangoni peke yake hata kama mgeni mwenyewe ni mpita njia aliyeomba maji! Unamtoa mgeni, unatembea naye kipande, mnamalizia maneno yaliyobaki, unamwacha pale ambapo utamwona akifika. Ukimkatalia mwenyeji kukusindikiza umemwambia nini? Umemwambia sirudi tena. Najua hivyo tangu sijaota meno. Lakini mvua ilikuwa inanyesha, na niliona miguu yake mibovu, nikaona huruma yangu ni kubwa kuliko heshima yake. Na wiki nzima nimemtukana Mucyo kwa haraka zake!

Nikamwomba radhi. Akatikisa kichwa, si ndiyo si hapana. Uji ukaja. Nikanywa. Tukazungumza habari za ng'ombe, habari za wanawe walio Uganda, habari za majengo yanayomjia kila upande. Nikamaliza, nikasimama, nikashika mkoba wangu. Bibi amekaa tu. Macho kwenye maharage.

Nikasema, "Bibi, unaniachaje niende peke yangu?"

Mkono wake umeanza kupapasa ukuta, unatafuta fimbo.

Aliondoa ile miiba mwenyewe. Nilitaka kusaidia, nikajizuia, nimeweka mikono yangu nyuma kama mtoto wa shule. Tukapanda ile njia hatua kwa hatua, anasimama kupumua, nasimama. Tukafika ukuta wa nyumba ya jirani. Nikasema rafiki yangu anakaa humu. Akasema, "Mimi nilikuwepo ukuta huu haujakuwepo. Sijawahi kumwona aliyemo." Basi tukazunguka mpaka getini, tukagonga.

Jirani ametoka na kandambili zake zilezile. Nikasema, "Mama Armel, huyu ndiye mwenye moshi."

Sitaki kulia tena. Walisalimiana ile salamu ndefu, ya mikono mabegani, ya kuulizana ng'ombe na watoto na usingizi. Jirani akaingiza Kirundi chake cha Bujumbura, bibi akacheka akasema umeongea kama mke wa marehemu kaka yangu. Chai. Kisha bibi akasema anarudi. Jirani akainuka kumsindikiza. Wakashuka mpaka uani kwa migomba. Nikasubiri. Nikaona wanapanda tena! Bibi anamrudisha jirani, kwa sababu jirani amefika uani kwake kwa mara ya kwanza na haiwezekani aondoke peke yake. Wamefika getini, jirani akasema basi haiwezekani mzee ashuke peke yake. Wakashuka tena! Armel amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi, ananiuliza, "Mama Nasiri, wanafanya nini?"

"Wanaagana," nikamwambia.

Nimekosa mabasi matatu. Ningekosa na la nne kwa furaha.

Jumapili, 10 Mei

Nimemtafuta Mucyo nikamweleza yote, pamoja na kosa langu. Sharti la bibi ni moja: watu wapite, lakini kila kundi linalopita kwake yeye atalisindikiza mpaka nyumba inayofuata. Na nyumba inayofuata, kwa Nduwayo mjenzi, imesikia na imesema haikubali kuzidiwa, nayo itasindikiza. Na inayofuata hivyo hivyo. Mpaka Kagugu.

Nilijiandaa kwa firimbi. Mucyo akakaa kwenye ngazi ya duka letu, akafanya hesabu kichwani, nimeona midomo inachezacheza. "Mama, hapo hakuna mtu atakayemaliza mji kwa siku moja."

"Hakuna."

Akasema, "Kampala tulikuwa tunakaa chumba kimoja. Mgeni akija, mama yangu alikuwa anamsindikiza mpaka stendi ya teksi. Mbali! Tulikuwa tunaona aibu mbele ya watoto wengine. Tunamwambia, mama, unawachelewesha watu." Akavua ile saa, akausugua mkono. "Sijui kwa nini nimekumbuka."

Nimemletea chai. Ya maziwa, sukari mbili. Ana umri wa Nasiri wangu, sijui kwa nini sikuwa nimeona.

Siku mbili, amesema. Watu watalala Kinyinya. Na kutoka kwa jirani hadi Kagugu hatutachora mshale hata mmoja.

Jumapili, 17 Mei

Nimempigia jirani. "Jirani, nitakupigia, tuko kwa Nduwayo, mkewe amejifungua." Akakata.

Alhamisi, 21 Mei

Nimempigia. Hakupokea. Baadaye ametuma ujumbe: yuko na bibi wanachagua majani ya ng'ombe. Jirani! Anayeshika kitenge kwa ncha za vidole! Nimefurahi, wallahi nimefurahi, na nimeona wivu mpaka nimevunja sindano. Nimemletea njia, sasa hana muda na mimi.

Na Kamembe hataji. Mimi nami naogopa kuuliza.

Ijumaa, 29 Mei

Idi ya pili imetumaliza, vidole havifungi. Mvua ya leo ilikuwa nyembamba, ya kuaga. Vumbi limeanza kunukia. Mvua ikikwisha, alisema. Mvua imekwisha.

Jumatano, 3 Juni

Jua kali. Nimemuuliza jirani, kama utani, begi liko wapi. Akasema, "Liko tayari." Kukawa na watu nyuma yake wanamwita, akakata.

Usumani ameniambia nimenyamaza sana, kama naumwa. Ameniletea sambusa bila kunitania. Hapo ndipo nimejua uso wangu ulivyo mbaya.

Jumamosi, 6 Juni, Kinyinya

Naandika nikiwa nimekaa kwenye mkeka wa watu. Nimechoka, nimeshiba, na nina la kusimulia.

Tumetoka Nyamirambo kukipambazuka, watu wamejaa mtaa mzima, wazee, vijana, padri mmoja na raba, dada wawili wa hijabu na fimbo za kutembelea. Mucyo alikuwa na firimbi shingoni na hakuipuliza. Jua, upepo, mji wote umeoshwa na masika unang'aa! Rebero tumeimba. Kabeza wenye maduka wametoka na maji. Kimironko yule mama wa sambusa amenitambua: "Bado hamjamkimbia tu?" Nilikuwa mbele ya wote, na furaha na hofu vimenishika mkono huku na huku.

Jua lilikuwa limeinama tulipofika getini kwa jirani. Nimegonga. Ametoka Armel.

"Mama hayupo, Mama Nasiri. Ametoka tangu asubuhi."

"Ametoka na nini?"

"Na begi."

Nimekaa kwenye ukingo wa barabara, mbele ya watu wote, na gambuti zangu. Basi la asubuhi ndilo zuri. Masika nzima! Nimezunguka mji mzima nikafika amekwisha kwenda! Armel anasema kitu, Mucyo amepiga magoti mbele yangu ananipa maji, mimi nasikia Kamembe tu.

"Mama," Armel akasema tena, kwa sauti, "yuko hapo chini. Kwa bibi."

Niliteremka ile njia sijui vipi. Miiba hakuna. Chini ya migomba kuna mikeka, masufuria, moshi, watu wa Kinyinya wasiojuana wamekaa bega kwa bega, na jirani yangu katikati, kitenge kimefungwa kifuani, anatoa vikombe kwenye begi. Vikombe! Begi zima ni vikombe na sahani, vya kwake vya maua, vya akina Nduwayo, vya kila nyumba!

"Umechelewa," akaniambia. "Uji umepoa."

"Nilidhani umekwenda Kamembe!"

"Na nani awape nyinyi uji? Liliane nimemwambia aje yeye. Iko chumba." Akaniangalia usoni vizuri. "Ulikuwa unalia, jirani?"

"Jasho," nikasema. Mucyo, aliyekuwa nyuma yangu, akasema ndiyo, mama ametoka jasho sana leo. Nimempenda kuanzia hapo.

Jumapili, 7 Juni

Kipande ambacho Mucyo alikipa saa moja kimekula asubuhi nzima, na hakuna aliyelalamika. Bibi Mukandekezi ametupeleka mpaka kwa Nduwayo, huku amenishika mkono, na nimeuacha mkono wangu kwake. Nduwayo ametupeleka kwa mama wa duka la mkaa, mama wa mkaa kwa wale vijana wa banda la mbao, hivyo hivyo, kila nyumba inasema "hapa tu," na inafika mbali zaidi ya hapa. Padri amepewa parachichi tano. Mucyo alitaka kuangalia muda, akakuta saa ameisahau kwa Armel.

Jirani naye alisema anafika Kagugu tu. Kagugu akasema Gisozi. Gisozi akasema ataangalia tu bonde. Kwenye ngazi za Kimisagara amekaa mara sita, ametaja watakatifu wote, nimemsukuma kwa nyuma. Tumeingia mtaani kwetu wa mwisho kabisa, giza linaingia, vumbi mpaka kwenye nyusi. Usumani alipomwona alidondosha mkasi. "Mama Armel! Umekuja na nini?"

"Nimemsindikiza huyu," akasema jirani.

Jumatatu, 8 Juni

Amelala kitandani kwangu, anakoroma kama zamani. Ameamka, amekunywa chai, amesalimia mtaa mzima mpaka sauti imekauka. Sasa amevaa viatu. Anasema anarudi Kinyinya, bibi atakuwa anaangalia njia, na mtoto wa Nduwayo anapewa jina leo jioni. Kwa miguu, anasema. Ameshaijua.

Tazama ujasiri huo! Eti aende peke yake, mgeni wangu, kutoka mlangoni kwangu!

Natafuta soksi. Usumani ananyoosha kidole kwenye rundo la nguo, anauliza nitarudi lini. Nimemwambia sijui. Nikishamfikisha kwake, na yeye hatakubali niondoke peke yangu.